Johann Ludwig Krapf na makaburi mawili ya Mombasa



Katika parokia zetu za mashariki hakuna juma linalopita bila kilio. Tunazika waliokufa kwa ugonjwa, waliokufa wakijifungua, waliouawa wakiwa njiani kwenda shamba. Na kuna wale ambao hatukuwazika kabisa, kwa sababu watu walikimbia usiku na maiti ikabaki nyuma. Sisi wachungaji tunaitwa kusema neno, na mara nyingi neno letu ni fupi: usilie, ni mapenzi ya Mungu, jipe moyo.

Tumelisema sisi wenyewe. Tulilisema kwa baba mmoja aliyempoteza mke wake siku chache baada ya kujifungua, na mtoto naye akafuata. Baba yule alituitikia kwa heshima, akatushukuru kwa kufika, na baada ya hapo hakuonekana ibadani kwa miezi mingi. Tulipomtembelea nyumbani alituambia kwamba aliona haya kuja kanisani. Machozi yalikuwa bado yanamtoka kila wimbo ulipoanza, na kwa sababu tulimwambia asilie, alidhani imani yake ilikuwa ya bure.

Tulirudi nyumbani siku ile tukiwa na uzito moyoni. Tukamkumbuka mtu ambaye tulisoma habari zake kwenye shule ya teolojia, katika somo la historia ya misheni: Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kukaa na kufanya kazi kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Darasani tulipewa tarehe zake, safari zake na vitabu vyake, tukayaandika kwenye daftari ili tupite mtihani. Makaburi yake tuliyapita mbio. Leo tunataka kurudi kwenye makaburi hayo na kusimama pale kidogo.

Mtoto wa mkulima

Krapf alizaliwa tarehe 11 mwezi wa kwanza mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na miaka kama 11, jirani mmoja alimpiga vibaya sana kwa kosa ambalo hakulitenda, na kijana akalala mgonjwa kwa miezi kama sita. Katika miezi hiyo ya kitandani alisoma Biblia kwa wingi. Alipopona, wazazi wake waliona ana akili ya masomo, wakampeleka shule mjini.

Huko shuleni alisoma habari za Ethiopia, akaanza kuipenda Afrika kabla hajaiona. Alikwenda kwenye seminari ya misheni ya Basel, Uswisi, akaondoka kwa mashaka, akasoma teolojia Tübingen, akahudumu kwa muda kama mchungaji msaidizi. Hatimaye alipokelewa na shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, CMS, na mwaka 1837 akasafiri kwenda Ethiopia. Alikaa huko kwa miaka kadhaa, hasa katika ufalme wa Shoa, akijifunza lugha na kuwafahamu Waoromo, watu ambao moyo wake uliwatamani sana kwa Injili.

Mwaka 1842 alikutana Misri na mchumba wake, Rosine Dietrich, wakafunga ndoa. Rosine alijua anakokwenda. Njia ya kurudi Shoa ilikuwa imefungwa, na wao wakajaribu kuingia tena kwa njia nyingine kutoka pwani ya Bahari ya Shamu. Ndipo pigo la kwanza lilipowapata.

Eneba

Walikuwa njiani, jangwani, wakisafiri pamoja na wenyeji waliowaongoza. Uchungu ukamshika Rosine kabla ya wakati. Alijifungua mtoto wa kike ambaye hakuishi. Krapf alimbatiza na kumpa jina la Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi. Wakamwacha mtoto wao katika udongo wa jangwa lile, na safari ikabidi iendelee, mama akiwa bado dhaifu.

Ndugu zetu wa Ituri na wa Kivu hawahitaji kuelezwa jambo hili. Kuna akina mama kati yetu waliojifungua msituni wakikimbia risasi, wakafukia mtoto chini ya mti, wakaendelea kutembea kwa sababu wengine walikuwa wanawangoja au kwa sababu adui alikuwa nyuma. Mahali penyewe hawawezi tena kupaona. Hakuna msalaba, hakuna jiwe.

Lakini tazameni alichofanya Krapf. Alimpa mtoto jina. Hakumwita mimba iliyoharibika, hakusema kwamba si kitu, wataza mwingine. Alimwandika mbele za Mungu kama binti yake, na jina alilompa halikuwa la ushujaa. Lilikuwa chozi. Mmisionari huyu, ambaye vitabu vinamwita mtu wa chuma, alimbatiza mtoto wake wa kwanza kwa jina la kilio.

Mombasa, mwaka 1844

Njia ya Ethiopia iliposhindikana, Krapf aligeuza macho upande wa kusini. Alifikiri kwamba kama hawezi kuwafikia Waoromo kutoka kaskazini, huenda atawafikia kutoka pwani ya Waswahili. Mwezi wa kwanza mwaka 1844 alifika Zanzibar. Sultani Seyyid Said alimpokea vizuri, akampa barua ya kumtambulisha kwa watawala wake wa pwani. Mwezi wa tano Krapf na Rosine walihamia Mombasa. Rosine alikuwa na mimba tena.

Tarehe 8 mwezi wa sita, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa Mwislamu, kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyiddin, mtu mwenye asili ya Barawa. Tunapenda kukumbuka picha hiyo: mchungaji wa Kijerumani na kadhi wa Kiislamu wameketi pamoja, wakitafuta neno la Kiswahili kwa kila neno la sura ya kwanza ya Biblia.

Mwezi mmoja haukupita vizuri. Mwanzoni mwa mwezi wa saba homa ilimshika Krapf. Siku hizo hizo Rosine alijifungua mtoto wa kike, na muda mfupi baadaye homa ikamshika yeye pia. Mume na mke walilala wagonjwa katika nyumba moja, kila mmoja hana nguvu ya kumhudumia mwenzake. Krapf alimsikia mke wake akiomba. Aliwaombea ndugu zake, aliiombea kazi, aliwaombea watu wa nchi ile. Tarehe 13 mwezi wa 7 mwaka 1844 Rosine akafariki. Krapf alikuwa mgonjwa kiasi kwamba aliinuka kwa shida kitandani ili ahakikishe kwa macho yake kwamba mke wake amekufa kweli.

Walimzika bara, ng'ambo ya kisiwa, upande ambao leo unaitwa Nyali. Rosine mwenyewe alitaka azikwe huko bara, mahali ambapo wenyeji waliokuwa wakiitwa Wanyika, ndio Wamijikenda wa leo, wangepita na kuliona kaburi na kukumbuka ni kwa nini wageni wale walikuja. Siku chache baada ya mama, mtoto mchanga naye akafa, akazikwa karibu yake. Krapf alikuwa na miaka 34. Katika ndoa ya miaka isiyozidi miwili alikuwa amewazika mke mmoja na mabinti wawili.

Swali la nani aliyeua

Katika vilio vyetu kuna swali moja linalokuja mapema, hata kabla kaburi halijachimbwa: nani amemwua? Familia ya mke inaitazama familia ya mume. Jirani mwenye macho mekundu anatajwa. Mama mkwe mzee anafukuzwa kijijini. Tumeona familia za wakristo zikivunjika kwa swali hilo, na tumeona wajane waliofanywa washitakiwa siku ileile waliyofanywa wajane.

Krapf angeweza kuuliza swali hilo kwa namna mbili. Angeweza kuwashitaki watu wa pwani, au angeweza kujishitaki mwenyewe, kwamba ni yeye aliyemleta mwanamke mwenye mimba kwenye nchi ya homa. Wakati ule hakuna daktari duniani aliyejua homa hiyo inatoka wapi. Watu wengi walidhani inatoka kwenye hewa mbaya ya mabwawa. Kidudu kinachosababisha malaria kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, na ni mwaka 1897 tu ndipo ilipojulikana wazi kwamba mbu ndiye anayekibeba. Rosine alikuwa amelala kaburini zaidi ya miaka 50.

Maana yake ni kwamba kama Krapf angemtafuta mwenye hatia siku ile, angempata mtu asiye na hatia. Sisi leo tunajua habari za mbu na chandarua, lakini katika kilio tunasahau haraka. Mtu anayelia anatafuta mahali pa kuweka maumivu yake, na ni rahisi kuyaweka juu ya kichwa cha mtu dhaifu. Kazi ya kanisa saa ile ni kusimama mbele ya huyo dhaifu, kisha kukaa na mwenye huzuni hata swali lipoe.

Barua na machozi

Baada ya mazishi Krapf aliandika barua kwa wakubwa wa CMS huko London. Barua hiyo inajulikana sana kwenye historia ya misheni. Aliwaeleza kwamba sasa kuna kaburi la pekee la mtu wa misheni kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni alama kuwa vita vya Injili upande huo vimeanza. Kwa kuwa kanisa husonga mbele likipita juu ya makaburi ya watu wake, aliwaomba waone kwamba saa ya Afrika imekaribia.

Barua hiyo imehubiriwa mara nyingi. Hata sisi tuliihubiri tukiwa vijana, kwa sauti kubwa, ili kuwaonyesha watu jinsi mtumishi wa Mungu anavyopaswa kuwa jasiri. Lakini tuliacha sehemu moja. Mtu yuleyule aliyeandika barua ya ushindi hakuficha kwamba alilia siku nyingi, na kwamba mwili wake na moyo wake vililia pamoja. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, katika juma lilelile. Hakungoja machozi yakauke ndipo awe na tumaini, wala hakulitumia tumaini kuyafuta machozi.

Hapo ndipo sisi wachungaji tulipokosea kwa yule baba. Tulimpa nusu ya Krapf. Tulimwonyesha barua, tukaficha kitanda cha mgonjwa anayelia. Bwana wetu mwenyewe alijua kwamba dakika chache baadaye atamwita Lazaro atoke, na bado alilia mbele ya kaburi. Kama Yesu hakuona kwamba ufufuo unamkataza kulia, sisi tulipata wapi amri ya kuwakataza waombolezaji?

Kuna jambo lingine la kusema kwa uangalifu. Watu wengine huihubiri habari hii kana kwamba Mungu alimchukua Rosine ili sisi tupate Biblia ya Kiswahili. Hatuwezi kusema hivyo. Mungu hakuhitaji mama aliyetoka kujifungua afe ili neno lake litafsiriwe. Tafsiri ilikuwa imeanza tangu tarehe 8 ya mwezi wa sita, Rosine akiwa hai. Krapf mwenyewe aliona tumaini ndani ya pigo, lakini hilo ni tofauti na kusema kwamba pigo lilikuwa jema. Mama aliyefiwa na mtoto kwa kipindupindu asiambiwe kwamba mtoto alikufa kwa faida fulani. Aambiwe kwamba Mungu hakumwacha mtoto, na hatamwacha yeye.

Kurudi mezani

Baada ya mazishi Krapf alirudi kwenye meza ya kitabu cha Mwanzo. Hatudhani kwamba ilikuwa rahisi. Mtu anayetafsiri kitabu hicho hawezi kukikwepa kifo. Sura tatu za kwanza zinaanza na nuru na kuishia na mavumbi: mwanadamu anaambiwa kwamba atarudi kwenye udongo, na bustani inafungwa. Ni sura tatu hizo hizo za tafsiri ya Krapf ambazo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, baadhi ya maneno ya kwanza ya Biblia kupigwa chapa kwa Kiswahili.

Na anayeendelea mbele anamkuta Abrahamu katika sura ya 23. Sara amekufa, Abrahamu analia, kisha anainuka kwenda kununua mahali pa kaburi katika nchi ambayo yeye ni mgeni. Akiendelea zaidi anamkuta Yakobo katika sura ya 35. Raheli anakufa njiani baada ya kujifungua, na Yakobo anasimamisha nguzo juu ya kaburi lake kando ya njia. Mfiwa wa Mombasa, aliyemzika mke aliyekufa baada ya kujifungua, mahali ambapo wapita njia wangeona, ilibidi atafute maneno ya Kiswahili kwa habari kama hiyo. Biblia haikumpa mafundisho marefu kuhusu huzuni. Ilimpa wanaume waliofiwa kama yeye.

Tunaona pia jinsi faraja ilivyomfikia. Haikuja yote kwa siku moja. Ilikuja kidogo kidogo, kwa kazi ndogo ya kila siku: mstari mmoja, neno moja, mazungumzo na mtu wa dini nyingine aliyekubali kuketi naye. Tumeona hivyo hata kwetu. Mjane aliyerudi kwenye kikundi cha kushona, kijana aliyerudi kupiga ngoma ya kwaya baada ya kumzika baba yake, hawakuacha kulia kwa sababu ya kazi. Lakini mikono ilipopata kitu cha kushika, siku ilipata mwisho wake. Kanisa linaloishia kumletea mfiwa unga wa siku tatu halijamaliza. Baada ya mwezi, wengine wote wakisha kurudi kwao, aitwe kwa jina na apewe kazi ndogo kati ya ndugu.

Makaburi mengine

Huzuni ya Krapf haikuishia mwaka 1844. Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Wakahamia pamoja Rabai, juu kidogo kutoka pwani, wote wawili wakitetemeka kwa homa siku za kuhama. Mwaka 1849 walifika wasaidizi wapya, na mmoja wao, Johannes Wagner, akafa baada ya majuma machache tu. Mwaka 1851 alikuja Christian Pfefferle, naye akafa upesi. Wa kwanza kubatizwa kati ya wenyeji alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Kwa macho ya dunia, kazi ile ilikuwa na makaburi mengi kuliko wakristo.

Krapf na Rebmann waliibeba huzuni kila mmoja kwa namna yake. Krapf alikuwa mtu wa safari na mipango mikubwa. Aliingia Ukambani, na mwezi wa 12 mwaka 1849 akauona mlima Kenya kutoka Kitui. Katika safari ya pili, mwaka 1851, mwenyeji wake Kivoi aliuawa, na Krapf akatangatanga peke yake kwa njaa na kiu hadi karibu kufa. Rebmann yeye alipenda kukaa mahali pamoja, na mawazo yao kuhusu kazi yalipishana mara nyingi. Rebmann naye alimzika mke wake Emma huko mwaka 1866, akabaki Rabai hata macho yake yakapofuka, akarudi kwao mwaka 1875, mwaka mmoja kabla ya kufa.

Tunalisema hili kwa sababu katika familia zetu watu hugombana juu ya namna ya kulia. Huyu analia kwa sauti, yule ananyamaza, na aliyenyamaza anaambiwa kwamba hakumpenda marehemu. Mmoja anataka kuhama nyumba, mwingine hataki kitu chochote kiguswe. Krapf alitembea, Rebmann alikaa. Wote wawili walikuwa watumishi wa Bwana mmoja, na makaburi yao yalikuwa kwenye pwani moja.

Mwaka 1853 afya ya Krapf ilikuwa imeharibika, akarudi Ujerumani, akakaa Kornthal. Mwaka 1856 akaoa tena, na mwaka 1868 akafiwa tena na mke. Baadaye akaoa mara ya tatu. Katika kitabu cha safari zake, kilichochapishwa mwaka 1858, alisimulia habari za Rosine na za Eneba, ingawa kilikuwa kitabu cha mtu aliyekwisha kuoa mke mwingine. Hakuona kwamba kumkumbuka marehemu ni kumkosea aliye hai. Vivyo hivyo Yakobo, mzee kule Misri, akiwa kitandani karibu na kufa, katikati ya kuwabariki wajukuu wake anakumbuka ghafula jinsi Raheli alivyomfia njiani. Miaka mingi ilikuwa imepita. Huzuni ya kweli hupungua makali, lakini haifutiki, na hakuna dhambi katika hilo. Ndugu aliyeoa tena baada ya kufiwa asikatazwe kutaja jina la mke wa kwanza.

Alichoacha

Miaka yake ya mwisho Krapf aliendelea na kazi ya lugha. Tarehe 26 mwezi wa 11 mwaka 1881 alikufa nyumbani kwake Kornthal. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekufa akiwa katika maombi. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, miaka kumi baada ya kifo chake, kwa kazi ya wengine waliokuta njia imekwisha kuanza kufyekwa. Karibu na yale makaburi ya Nyali, tangu miaka ya 1870, misheni ilianzisha makao ya watumwa walioachwa huru, Frere Town. Watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya utumwa walijenga nyumba zao karibu na kaburi la Rosine.

Krapf alikuwa na ndoto ya mlolongo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa mpaka pwani ya magharibi, kukatiza bara lote. Mlolongo huo ungepita kwetu. Yeye hakuuona. Hatusemi kwamba yeye ndiye aliyetuletea Injili, kwa sababu ilikuja kwetu kwa njia nyingi na kwa mikono ya wengi, kama Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Boga mwaka 1896. Tunasema tu kwamba tunapofungua Biblia ya Kiswahili kwenye kilio, tunasoma katika lugha ambayo mmoja wa watafsiri wake wa kwanza alikuwa mfiwa. Kabla neno hilo halijatufariji sisi, kuna mtu aliyeliandika macho yake yakiwa mekundu.

Tulirudi tena kwa yule baba. Safari hii hatukwenda na mahubiri. Tulimsimulia habari za Krapf polepole, na tulipofika kwa Eneba alituuliza turudie. Ndipo tulipomwuliza jambo ambalo tulipaswa kumwuliza tangu siku ya mazishi: mtoto wake aliitwa nani? Akasema kwamba hakupewa jina, watu walimwambia hakuna haja. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akalitaja jina ambalo yeye na mke wake walikuwa wamelichagua usiku mmoja kabla ya kujifungua. Hakuwa amelisema kwa mtu yeyote.

Jumapili iliyofuata alikuja ibadani. Wakati wa maombi tulitaja majina mawili, la mama na la mtoto, na kanisa likasimama. Baba alilia kwa sauti, na hapakuwa na mtu aliyemwambia anyamaze.